Namna ya Kubuni Chama cha Matabibu wa Kale katika Riwaya: Mfano wa Kilwa ya 1331

Mganga wa kwenye riwaya zetu nyingi ana kazi moja: anasaga majani, ananong'ona, mgonjwa anaamka. Msomaji haambiwi ni majani gani kwa sababu mwandishi mwenyewe hayajui. Mwongozo huu ni wa mwandishi anayetaka kazi ngumu zaidi: chama cha matabibu wa kubuni, katika dunia isiyo na umeme wala hadubini, wanaotibu kwa ustadi wa kumshangaza msomaji bila kumfanya ahisi anachezewa akili.

Nitajenga mfano mmoja tangu msingi. Nimeuweka Kilwa Kisiwani mwaka 1331. Ni hapahapa mkoani Lindi, magofu yapo, ukitoka Kilwa Masoko ni safari fupi ya mashua, na mwaka huo una shahidi: Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Ukitaka, hamishia Mikindani, au kwenye dunia yenye miezi miwili angani. Hatua ni zilezile.

Chama chetu kinaitwa Wanabirika. Hakikuwahi kuwepo. Nimekiita hivyo kwa sababu kinaishi kuzunguka birika lake la maji safi, na kwa sababu kule Husuni Kubwa, kwenye jumba la sultani huyohuyo, bwawa la kuogea la pembe nane lipo mpaka leo. Ukilisimamia kwa dakika chache utaamini kwamba watu waliochimba lile waliweza kufikiri juu ya maji kwa makini sana.

Hatua ya 1: Chagua mwaka, kisha palilia shamba

Waandishi wa kusini tunaponzwa na mandhari yetu. Tukifunga macho tunaona mikorosho, na mkorosho ni mgeni kutoka Brazili. Wareno waliingia Bahari ya Hindi mwaka 1498. Kabla yao hapakuwa na mkorosho, muhogo, mahindi, papai, nanasi, nyanya, pilipili wala tumbaku. Kwa hiyo Kilwa ya 1331 haina uraka (pombe ya mabibo), haina ugali wa mahindi, na tabibu wako hawezi kubandika ganda la papai kwenye kidonda. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Kwinini inatoka kwenye magome ya mti wa milima ya Andes. Hata karafuu ya Unguja ilianza kulimwa karne ya 19. Mwaka 1331 karafuu ni bidhaa ya mbali, ya kutolewa mfukoni kwa madaha.

Ng'oa vyote hivyo. Kisha andika kwenye karatasi kilichobaki: mtama, uwele, mchele, nazi, ndizi, ufuta, ukwaju, asali, chumvi, samli, chokaa ya matumbawe, mkaa wa vifuu, magome ya mikoko, pamba (vigurudumu vya kusokotea nyuzi vimefukuliwa Kilwa), chuma kutoka bara. Majahazi yanaongeza afyuni, kafuri, hariri, shaba, vyombo vya kioo.

Karatasi hiyo ndiyo duka lako la dawa. Ukihitaji kitu kisichokuwemo, kilete kwa jahazi na umtaje nahodha, au kiache.

Hatua ya 2: Pitisha kila ustadi kwenye chujio moja

Swali la kuuliza juu ya kila tiba ya kisasa unayotaka kuwapa: je, ilichelewa kugunduliwa kwa kukosa vitu, au kwa kukosa wazo tu?

Mfano. Mwaka 1816 René Laennec, daktari wa Ufaransa, alikunja karatasi ikawa bomba akasikiliza kifua cha mgonjwa. Baadaye akachonga bomba la mti. Hakuhitaji kiwanda. Chombo hicho kingeweza kubuniwa miaka elfu moja kabla yake na mtu yeyote mwenye mti na sikio. Wakunga wa zahanati zetu bado wanacho kile kipembe cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, na bado kinafanya kazi. Basi wape Wanabirika bomba la mpingo, urefu wa kiganja, lililochongwa na fundi wa bara. Hakuna msomaji atakayebisha.

Kuongezewa damu, hapana. Makundi ya damu yalijulikana 1901, na bila kuyajua utaua watu huku ukiita ni tiba. Penisilini, hapana. Eksirei, usiniambie.

Vinavyopita chujioni ni vingi kuliko unavyodhani: kuchemsha vifaa, kunawa, kutenga wagonjwa, chandarua, ndimu kwa mabaharia wenye kiseyeye, kuchanja ndui, kushona kidonda kwa tabaka, kuandika kilichompata kila mgonjwa. Hicho cha mwisho nakisisitiza. Wape Wanabirika daftari. Mganga wa mtaani anamkumbuka yule aliyepona. Chama chenye daftari kinajua kwamba kati ya kumi waliopakwa dawa ile, sita walikufa, na kinaacha kuipaka. Hapo ndipo ubora wao unapozaliwa. Wala usiufanye mzizi wa siri unaoota kwenye kaburi la chifu. Nimesoma mizizi hiyo mingi.

Hatua ya 3: Wakosee sababu

Waandishi wengi wanaliruka hili, na ndipo riwaya inapoanza kunuka darasa la baiolojia. Tabibu wa 1331 hajui vijidudu. Asivijue. Mpe nadharia yake, iwe na makosa, lakini imwongoze kwenye kitendo sahihi.

Historia inakuruhusu. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama wengi waliojifungua wanakufa kwenye wodi iliyohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti. Akaamini kuna chembe za maiti zinazong'ang'ania mikononi. Akawaamuru madaktari hao kunawa kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo katika wodi hiyo vilishuka kutoka zaidi ya asilimia 18 mwezi Aprili hadi asilimia 2 na kidogo mwezi Juni. Hakuwahi kuona kijidudu hata kimoja.

Wanabirika wangu wanaamini kwamba kila kidonda kina "mgeni" anayeingia na mkono wa mtu, na kwamba mgeni huyo anachukia moto, chumvi na asali. Ni nadharia ya hovyo. Inawafanya wachome visu, wachemshe vitambaa na wajaze asali kwenye donda, na asali kweli inazuia usaha: sukari yake nyingi inanyonya maji, ina ukali wa tindikali, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda inatoa kemikali ya kuua vijidudu. Wewe unajua. Wao hawajui, na usimruhusu mhusika yeyote aelezee.

Nadharia yao ikubali pia kuwapoteza. Kwa kuwa mgeni anaingia kwa mkono, hawashuku mbu. Chandarua wanacho kwa ajili ya usingizi wa wazee, na wanashangaa kwa nini wazee hawaugui homa kama vijana.

Hatua ya 4: Elimu ije kwa njia mbili

Njia ya bahari ni rahisi. Vitabu vilikuwepo. Al-Zahrawi wa Córdoba, aliyefariki 1013, alichora vifaa vya upasuaji karibu mia mbili na akaeleza kushona kwa uzi wa utumbo wa mnyama. Ammar al-Mawsili alitoa mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Ibn al-Nafis, aliyefia Cairo 1288, alieleza kwamba damu inapita mapafuni ili kutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine. Hospitali ya Sultani Qalawun ilijengwa Cairo 1284. Mwanafunzi mmoja kutoka Kilwa akienda hija na kuchelewa kurudi kwa miaka minne anatosha kuleta haya yote.

Ukiishia hapo, umeandika hadithi ya watu wa pwani waliofundishwa kila kitu na wageni. Fungua na njia ya bara. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari wa tiba kutoka Uingereza, alishuhudia upasuaji wa uzazi Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, fundi akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaosha na tumbo la mama, akakata haraka, msaidizi akachoma mishipa iliyovuja kwa chuma cha moto, jeraha likabanwa kwa misumari myembamba ya chuma iliyozungushiwa uzi wa magome, kisha likabandikwa dawa ya mizizi. Mama na mtoto waliishi. Kule Kisii, nchini Kenya, mafundi wa jadi walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, na wagonjwa wakaamka wakaondoka kwa miguu yao.

Kwa hiyo ndani ya Wanabirika weka watu wa bara wenye sauti. Ngariba aliyetahiri vijana jandoni kwa miaka mingi ameona damu nyingi kuliko msomi aliyerudi Cairo, na mkono wake hautetemeki. Nyakanga anayeongoza unyago ana siri za wanawake ambazo hakuna daftari lililoziandika. Ugomvi wa msomi na ngariba, mmoja akisema "kitabu kinasema" na mwingine akijibu "leta mgonjwa", utakupa nusu ya mazungumzo ya riwaya nzima. Waamkiane kama inavyostahili: msomi ni kijana, amwamkie ngariba shikamoo hata siku anayombishia.

Hatua ya 5: Onyesha tiba moja kwa karibu

Moja tu, kwa ukamilifu. Nyingine zote zitaaminika kwa mkopo wa hiyo. Mimi ningechagua busha, kwa sababu ni ugonjwa wa pwani hii na kwa sababu waandishi wanauonea haya.

Mgonjwa ni mvuvi. Busha limefika magotini. Haingii tena mtumbwini bila kushikwa mkono, na harusini anakaa nyuma kabisa, amejifunika shuka. Mama mkwe anasema ni madafu. Hadi leo utawasikia wanaosema hivyo. Kinacholeta ni minyoo inayoenezwa na mbu, na ni mwaka 1877 ndipo Patrick Manson alipoona minyoo hiyo inakua ndani ya mbu. Wanabirika wataikosa sababu, tumekubaliana.

Uchunguzi unafanyika gizani. Milango inafungwa. Mgonjwa anasimama, miguu imeachana. Msaidizi anashika taa ya mafuta ya nazi nyuma ya busha, karibu kiasi cha mgonjwa kuhisi joto, na fundi anabana kipande cha mwanzi kwenye ngozi upande wa mbele, anatazama ndani kwa jicho moja. Akiona wekundu wa mwanga uliopenya, ndani ni maji. Akiona giza, anashusha mwanzi na kusema kwamba leo hakuna kukata: huenda ni ngiri, utumbo umeshuka, na kisu kitamwua. Daktari wa leo hufanya kipimo hichohicho kwa tochi.

Unaona nguvu ya kipande hicho? Hakuna uchawi wala chombo cha ajabu. Kuna taa, mwanzi, na mtu anayejua lini asiguse. Msomaji akishaona fundi anakataa kukata, atamwamini siku anapokata.

Kisha kazi yenyewe. Sindano nene ya shaba yenye tundu, imechemshwa. Ngozi imeoshwa. Maji yanatoka ya manjano, maangavu, yanapimwa kwa kibaba na kuandikwa: vibaba viwili, vitatu. Yakitoka meupe kama maziwa, fundi anaandika pembeni kwa wino tofauti; hajui maana yake ila ameshaona mara kadhaa. Ikitoka damu, anachomoa. Na hapa riwaya inapata mgogoro wake wa kitaalamu: maji yatarudi baada ya miezi. Wazee wa chama wanaridhika na sindano. Kijana anataka kupasua na kuukata mfuko wenyewe unaotunza maji, ili yasirudi. Daftari liko upande wa kijana. Hatari nayo iko upande wa wazee.

(Haya ni ya karatasini. Mwenye busha aende hospitali. Ni upasuaji wa kawaida siku hizi.)

Hatua ya 6: Kila uwezo uwe na gharama na msimu

Afyuni inakuja na kaskazi. Majahazi yanaingia kuanzia Desemba, kusi ikianza yanarudi, na kuanzia hapo ghala linapungua tu. Mgonjwa wa Oktoba anakatwa akiwa na maumivu kamili, ameshikwa na watu wanne. Panga matukio yako kwa kalenda hiyo. Huna haja ya kubuni jangwa wala joka kuzuia dawa isifike.

Kileo cha kuoshea vidonda ni kisa kizima. Tembo la mnazi ni hafifu mno, haliui kitu. Lazima likenekwe: chungu, mrija, maji baridi juu yake. Sanaa ya kukeneka ilijulikana na Waarabu kwa ajili ya marashi. Tone linakenekwa tena hadi kitambaa kilicholoweshwa kiwashwe na kuwaka moto wa buluu. Chini ya hapo hakifai. Lakini huu ni mji wa Kiislamu, Ibn Battuta aliwakuta ni watu wa madhehebu ya Shafi, na harufu ya chungu hicho inafika barazani kwa kadhi kabla ya magharibi. Je, kitu kisichonywewa ni halali kuwekwa nyumbani? Usimfanye kadhi mjinga. Mpe hoja nzuri, na umpe mtoto mgonjwa.

Na fedha? Sultani aliyepewa jina la ukarimu anaweza kuwalipia. Ibn Battuta anasimulia fukara kutoka Yemeni aliyemwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Mfadhili wa namna hiyo ni neema, halafu anakufa, na mrithi wake si lazima afanane naye.

Hatua ya 7: Wape ushindi unaotisha

Kuchanja ndui kunafaa hapa. Kabla ya Edward Jenner kutumia ndui ya ng'ombe mwaka 1796, watu wa Asia na sehemu za Afrika walikuwa wakichukua usaha au magamba ya mgonjwa wa ndui hafifu na kuyapandikiza kwenye mchanjo mdogo mkononi mwa mtu mwenye afya. Boston ilijifunza hilo wakati wa mlipuko wa 1721 kutokana na maelezo ya Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa huko. Ndui ya kawaida iliua takriban watu 30 kwa kila 100. Waliochanjwa hivyo walikufa mmoja au wawili kwa 100.

Hesabu inaonekana nzuri mpaka yule mmoja awe na jina. Watoto mia wa Kilwa wamechanjwa, tisini na wanane wanacheza, na kuna mama wawili wanaojua kwa hakika nani aliyeua watoto wao, kwa sababu ndui ya kuja yenyewe haina mtu wa kulaumiwa. Zaidi ya hayo, aliyechanjwa anaambukiza ndui kamili kwa wengine. Ndiyo maana chama kinahitaji kisiwa na muda wa kungoja. Mji wa Ragusa (Dubrovnik ya leo) ulianza kuwazuia wageni kwa siku 30 mwaka 1377. Wanabirika wawatangulie kwa karibu miaka hamsini, hakuna ubaya. Mama anasimama ufukweni akitazama ng'ambo, mtoto wake anapungiwa mkono kutoka mbali. Siku ya tisa anaamua kuogelea kumfuata. Andika sura hiyo polepole.

Hatua ya 8: Waondoe bila kuvunja historia

Kama dunia yako ni ya kubuni kabisa, ruka hapa. Kama ni Kilwa, msomaji atauliza: walikwenda wapi? Mwaka 1505 manowari za Francisco de Almeida ziliipora na kuikalia Kilwa. Ni kishawishi kikubwa kuchoma maktaba usiku huo. Mimi nisingefanya hivyo. Chama cha namna hii hufa mapema zaidi na kwa kimya: biashara inapungua, afyuni haiji, daftari linaliwa na mchwa, watoto wa wazee wanapendelea ubaharia. Kinachobaki kinasambaa vipandevipande bila jina la chama. Ngariba wa kizazi cha nne anapitisha kijembe kwenye moto kabla ya kukata na akiulizwa kwa nini, anajibu ndivyo alivyomwona babu yake. Mkunga wa Mikindani hagusi mzazi kabla ya kunawa. Muacheni Mreno afike 1505 akute mji usiojua kwamba uliwahi kuwa nacho.

Kabla hujaipeleka kwa mchapishaji

Pitia lugha: futa "bakteria", "maambukizi", "asilimia" kwenye vinywa vya wahusika, waseme usaha, mgeni, wawili kwa kumi. Kisha mtafute muuguzi au mkunga, wa hospitali ya Sokoine pale Lindi au wa zahanati yoyote ya kijiji, mwenye muda wa kukusikiliza baada ya zamu. Msomee sura ya upasuaji kwa sauti. Usimuulize kama imemfurahisha. Muulize mgonjwa wako angekufa ukurasa wa ngapi, urudi nyumbani ukaurekebishe ukurasa huo.